Kundi Dogo na Marehemu Wake

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita nitasema kwa ufupi, maana mambo yenyewe hayapendezi kurudiwa. Mimi ni Bohumil Zbořil, fundi wa lifti mstaafu, wa hapa hapa Brno. Mke wangu Jarmila alihama nyumbani mwezi Septemba, akaenda kukaa kwa dada yake.

Sababu ni ile safari ya basi kubwa kwenda baharini Kroatia. Nilibeba nyama zangu za kukaanga kutoka nyumbani, kama Mcheki yeyote mwenye akili timamu. Nikakataa chakula cha mchana cha kulipia. Nusu ya basi ikanifuata, tukala vyetu kando ya barabara, na yule binti aliyekuwa akituongoza akalia mbele ya watu. Jarmila akasema hajawahi kuona aibu ya namna ile tangu azaliwe.

Nikaishia pale aliponipa sharti lake kwenye simu.

"Nitarudi siku utakapochagua safari ya kistaarabu," alisema. "Nje ya nchi, kundi dogo, mwongozaji aliyesoma. Na uchague mwenyewe, Bohumil. Usimtume dada yangu."

Basi nikaanza kuchagua.

Sijui kama umewahi kuchagua safari ya kundi dogo. Mimi sikushauri. Basi kubwa unalipa, unapanda, unasinzia. Hawa wa kundi dogo wanataka kwanza uamini, halafu ndiyo ulipe.

Ofisi ya kwanza nilimkuta binti anaitwa Nikola. Ukutani kuna picha ya mzee mmoja wa kigeni asiye na meno, anacheka. Nadhani hajaambiwa yuko pale.

"Sisi hatuna watalii, Bwana Zbořil," Nikola akaniambia. "Tuna wasafiri."

"Tofauti yake nini?"

"Mtalii anakwenda kuona. Msafiri anakwenda kuhisi."

"Na kuhisi ni ghali zaidi."

Hakucheka. Wamefundishwa wasicheke, biashara itaharibika.

"Kundi lina watu wangapi?" nikauliza.

"Hawazidi kumi. Mnakuwa familia."

"Na yule asiyevumilika je?"

"Yupi huyo?"

"Kila safari ina mmoja, binti yangu. Kwenye basi la watu hamsini namkalisha nyuma, simwoni mpaka tunarudi. Kwenye kundi la kumi utaniweka naye meza moja asubuhi, mchana na jioni. Yaani natoa hela zaidi ili nimsogelee?"

Nikola akafunga daftari lake. "Bwana Zbořil," akasema kwa upole, "mimi naona basi kubwa lingekufaa."

Nikaondoka zangu.

Ofisi ya pili alikuwako kijana aliyevaa viatu bila soksi, na ilikuwa Novemba. Huyo aliniuzia Ureno.

"Siku ya tatu," akasema, macho kayafumba nusu, "mnaingia jikoni kwa bibi mmoja kijijini. Mnapika naye."

"Nani anakula?"

"Ninyi."

"Kwa hiyo nalipa, napika, halafu nakula nilichopika."

"Ni uzoefu, bwana. Uzoefu wa kweli."

"Nyumbani kwangu mke wangu ananifukuza jikoni bure kabisa. Sioni kwa nini nipande ndege nikafukuzwe na bibi wa watu."

Huyo naye akaniambia habari za basi kubwa. Nikaona hawa watu wana mkutano wao mahali, wananijadili.

Nilirudi nyumbani hasira zimenijaa. Nikafungua kabati nitafute shati la kuvaa nikipalilia, na nililolishika lilikuwa lile lenye alama ya pasi mgongoni. Nikakaa kitandani nalo.

Lile shati liliungua hivi. Jarmila alikuwa anapiga pasi mbele ya televisheni. Wakaonyesha Armenia: makanisa ya mawe, mlima mkubwa una theluji, mama mmoja anauza mikate bapa kando ya njia. Jarmila akasimama na pasi juu ya shati, kasahau, mpaka moshi ukapanda. Hata moshi haukumshtua. Alikuwa anautazama ule mlima kwa macho ambayo mimi sijatazamwa nayo siku nyingi.

Nikasema, basi. Ni Armenia.

Safari niliyoipata iliitwa "Armenia Polepole". Mwongozaji wake ni mwalimu mstaafu wa jiografia, Bwana Radovan Hudec. Kwenye picha amejifunga skafu shingoni na anatazama mbali, kama wote wa aina hiyo, hawajawahi kutazama karibu. Na huyu Hudec hapokei hela ya mtu kabla hajamwona. Kwanza mnakutana nyote alasiri moja kwenye chumba cha mvinyo cha chini ya ardhi kule Mikulov, mnakunywa, mnaongea, yeye anaangalia kama kundi "linashikana", ndipo anaandika majina. Yaani nitafanyiwa usaili ili niruhusiwe kumlipa mtu.

Mimi, niliyekuwa namzomea kila mtu, nikakubali. Namtaka mke wangu nyumbani. Sitalificha hilo, nyumba inanichosha na mdomo wangu mwenyewe umenichosha.

Nikampigia.

"Nimechagua. Armenia."

"Na Ureno je?" akauliza.

"Ureno kuna bibi anayepikisha watu."

"Nasikia Ureno ni pazuri mno, Bohumil."

"Wewe unapenda Armenia."

"Nani kakwambia?"

"Shati langu."

Hapo akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa. Nikaona mambo yanaanza kunyooka. Halafu akauliza, "Mwongozaji ni nani?"

"Mwalimu mmoja. Hudec."

Simu ikakaa kimya mpaka nikadhani imekatika.

"Nitakuja," akasema mwishowe. "Lakini nisikilize. Usiingie kabla yangu. Usiongee na mtu hata mmoja kabla sijafika."

Nilidhani ni mapenzi, anataka tuingie pamoja, tumeshikana mikono. Mtu mzima mimi.

Siku yenyewe nikavaa koti la harusi za watu. Sikubeba nyama hata kipande. Mikulov nilifika mapema, baridi ya pale mlangoni ilikuwa ya kukata masikio, na treni ya Jarmila haijafika. Nikasimama, nikajikaza kisabuni. Mwishowe nikasema kuingia si kuongea, nitakaa kimya kwenye kona.

Ndani kuna meza ndefu, mishumaa, mapipa, jibini limekatwakatwa. Alikuwapo daktari wa meno na mkewe, wanapiga picha lile jibini kana kwamba litatoroka. Alikuwapo Bi Vlasta, mjane mwenye mikufu mitatu. Wengine sitawataja, walikuwa wanatikisa vichwa tu kwa kila kitu. Na kwenye kichwa cha meza, skafu na yote, Bwana Hudec.

Akanijia, mkono mbele. Ikabidi nijitaje.

"Zbořil."

Mkono wake ukagandia kwangu. "Zbořil? Wa Bi Jarmila?"

"Wa Jarmila, ndiyo."

Akanishika kwa mikono yote miwili. "Pole," akasema. "Pole sana, bwana."

Nikajua habari za Septemba zimefika hadi Mikulov. Nikaona haya.

"Ndiyo maisha," nikajibu.

"Yeye mwenyewe anakuja?"

"Yuko njiani."

Uso wake ukawaka kama kitufe cha lifti kikibonyezwa. Bi Vlasta akanisogelea, mikufu inalia. "Afadhali anakuja na mtu wa ukoo," akasema. "Peke yake ingekuwa ngumu."

"Alinisimulia yote," Hudec akaendelea, bado kanishika mkono. "Mtu mwema, ila mkorofi. Eti mpaka dakika ya mwisho hospitalini alikuwa anagombana na wauguzi kuhusu chakula."

"Nani huyo?"

"Marehemu," akasema. "Bohumil."

Nakwambia ukweli, Bohumil wa Jarmila namjua mmoja tu.

Mlango ukafunguliwa, Jarmila huyo, anahema, kofia imekaa upande. Akatuona tumeshikana mikono na rangi ikamtoka.

"Jarmilko," Hudec akasema.

"Radku," akajibu, yaani Radek, kifupi cha Radovan.

Hapa lazima nieleze, hata kama unalijua. Kwetu watu wazima wanaitana Bwana fulani na Bi fulani hata wakijuana miaka na miaka. Siku wakitaka kuacha ubwana, wanajaza glasi, wanapitishana viwiko, kila mtu anataja jina lake tupu, wanakunywa, wanabusiana shavuni. Kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Mimi na bosi wangu tulifanya kazi pamoja mpaka nikastaafu na hatukuwahi kufika huko.

Na mke wangu anamwita yule mwenye skafu Radek. Glasi yao waliigonga lini?

Nikamshika Jarmila mkono, nikampeleka kwenye kona ya makoti.

"Wapi?" nikauliza.

"Kwenye chemchemi za tiba. Ile masika daktari aliponipeleka kwa ajili ya nyonga."

"Ile masika mimi nilikuwa namwagilia nyanya zako."

"Ndiyo, Bohumil. Ahsante kwa nyanya."

"Na marehemu ni nani?"

Hakuinamisha macho. Jarmila hajui kuinamisha macho. "Wewe."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tumekaa mezani, wanawake wanasimulia waume zao. Huyu mumewe anamsomea vitabu. Yule mumewe kampeleka Lisbon. Walipofika kwangu nikasema nimefiwa. Lilitoka lenyewe. Ilikuwa rahisi kuliko kukueleza."

"Umeniua kwenye supu."

"Kwenye keki," akasema. "Na nilikulilia vizuri. Watu waliguswa."

"Na huyu mwenye skafu?"

"Ni mtu mwema. Aliniandikia habari za Armenia, nikamjibu siendi, sina wa kufuatana naye. Hakuna zaidi ya hapo, kwa ninavyojua mimi. Ndiyo maana nikakwambia Ureno. Nilitaka twende mimi na wewe, Bohumil, na wewe ukiwa hai. Ukaenda kumchagua yeye, kati ya waongozaji wote wa nchi hii."

Mara moja tu katika maisha yangu nimechagua kitu kwa kumfikiria mwenzangu, na ona nilichochagua.

"Nenda kawaambie," nikasema.

"Nikawaambie nini? Kwamba nimedanganya msiba?" Sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Waache wadhani wewe ni mdogo wa marehemu. Kaa hapo, ule jibini, uwe mdogo wake kwa alasiri hii moja. Kesho nitawaandikia kwamba nimeugua, siendi. Halafu narudi nyumbani na masanduku yangu, na kiangazi tunakwenda Ureno. Lakini ukinivunjia heshima hapa kama ulivyofanya Kroatia, sirudi. Wala usinipigie simu."

"Nitaitwa nani?"

"Leoš."

"Hilo ni jina la mbwa wa dada yako."

"Ndilo lililonijia."

Nikarudi mezani nikiwa Leoš.

Wakaanza kumsifu marehemu. Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko kula jibini huku unasifiwa na watu wasiokujua. Daktari wa meno akasema lazima marehemu alikuwa mtu wa watu. Mkewe akasema watu wakorofi ndio wenye roho safi, akaomba kupewa zeituni. Wote wanamlilia mtu ambaye, kama angeingia hai na nyama zake kwenye mfuko, wangemfukuza pale mlangoni.

"Mimi sitasahau ile hadithi ya ngazi," Bi Vlasta akasema. "Bwana Hudec ametusimulia. Lifti ya nyumba yao iliharibika wakati Bi Jarmila ametoka kufanyiwa upasuaji. Marehemu akambeba mgongoni ghorofa zote, na njia nzima alikuwa anaitukana ile lifti."

Wakacheka taratibu, kama wanavyocheka watu msibani.

Hilo ni kweli. Nilimbeba. Ulikuwa mwaka ule wa theluji nyingi na mgongo uliniuma mpaka Pasaka. Sikujua kama Jarmila analikumbuka, maana hajawahi kulitaja mbele yangu. Ilibidi nife ndiyo niambiwe. Niligeuka nikamtazama, naye akawa anachezea kitambaa cha meza, masikio yamemwiva mekundu. Nilimpenda pale, bila skafu wala mlima wowote.

"Na ukorofi wake je?" daktari wa meno akauliza.

"Alikuwa nao kidogo," Jarmila akasema.

"Kidogo tu?" nikauliza mimi.

"Leoš," akasema, na akanikata jicho.

Basi Hudec akasimama na chupa. Kundi dogo ni familia, akasema, na katika familia hakuna mambo ya Bwana na Bi. Tutagonga glasi, kila mtu na yeye, mmoja mmoja. Kabla ya supu. Mimi bosi wangu sikumgongea miaka yote ile, huyu ataniita kwa jina kabla sijamwona anakula.

Akaanza na Bi Vlasta. Viwiko, jina, mvinyo, shavu. Akaenda kwa daktari wa meno, akaenda kwa mkewe. Alipofika kwa Jarmila akamruka, akatabasamu tu. "Sisi tayari," akasema, na meza nzima ikamtazama Jarmila kwa huruma.

Akafika kwangu. Nikasimama. Jarmila akasimama nami, na kwa nyuma, pasipo mtu kuona, akashika pindo la koti langu, kama anavyofanya tukivuka barabara. Tangu Septemba hakuwa amenigusa. Kwa lile pindo peke yake ningekubali kuitwa jina la mbwa yeyote.

Tukapitishana viwiko. Skafu yake ilinukia sabuni ya gharama.

"Mimi Radek," akasema.

Wote wakanisubiri.

"Leoš," nikasema.

Pindo likakazwa. Nikajua nimefaulu. Nikaona masanduku yake koridoni, nikaona soksi zake kwenye kamba. Nikainua glasi.

"Subiri," Radek akasema, "tusinywe kwanza."

Macho yake yalikuwa na maji. Hakushusha sauti, watu wa aina hiyo hawajui kuwa na jambo lao wenyewe.

"Leoš, wewe ndiye mwanamume aliyebaki katika ukoo wa marehemu. Mimi ni mtu wa mtindo wa zamani, siwezi kwenda kinyume cha familia. Tangu masika nimekaa kimya kwa heshima ya msiba. Aliponiandikia kwamba haji, nilijua nimempoteza. Leo kaja." Akarekebisha skafu. "Nataka kumposa Jarmila. Nilikuwa nifanye kule kule, mbele ya mlima. Lakini siwezi kuanza safari bila kauli yako. Ukinywa nami, nitajua umeniruhusu."

Bi Vlasta akaziba mdomo kwa mkono. Mke wa daktari akainua simu yake apige picha.

Nikageuka kumtafuta Jarmila. Nilitaka aseme neno moja, hata la kunigombeza. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama yeye, kasahau kufunga mdomo, kwa macho yale yale ya siku ya pasi.

Halafu nikahisi koti langu limekuwa jepesi. Alikuwa ameachia pindo.

"Leoš," Radek akasema, kiwiko chake bado ndani ya changu, "nakusubiri."